Siga ya Pili ya Kadenge

Jumanne, 26 Agosti 2025

Kadenge,

Leo mikeka imeondoka. Watu wa mwisho wa matanga wamekwenda zao na masufuria yao. Wamenifagilia uwanja, wamenipa pole ya mlangoni, basi. Nyumba imebaki na mimi na mama yako. Yeye chumbani kwake, mimi chumbani kwetu. Tunasikilizana tukigeuka kitandani.

Sijui kwa nini nakuandikia. Darasa langu la nane unalijua, na hata barua za kanisa ulikuwa ukiniandikia wewe. Lakini kila nikifungua kinywa humu ndani neno linalokuja ni lako — "Kadenge, mbona..." — halafu nanyamaza. Bora niyaweke hapa. Hakuna wa kuyasoma.

Vitu vyako nimevipanga. Shati jeupe la kazi, lile lililolika kola. Viatu. Miwani ya kusomea uliyoinunua pale feri, mkono mmoja umefungwa uzi. Kikasi chako cha kukatia siga, zile sigara nene za majani. Na lile kopo la biskuti.

Nililifungua. Kibao cha mwerezi kimo, kinanukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Na siga ya pili imelala juu yake. Nene kama kidole gumba chako. Rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo mno. Ile pete ya karatasi, kijani na dhahabu, bado i shingoni mwake.

Ulinieleza nami nikakusikiliza nusu nusu, nilikuwa napepeta mchele. Kwamba inatoka Jamhuri ya Dominika, kisiwa huko mbali, jua lao kama letu. Kwamba majani yalilazwa miaka kabla ya kuviringwa. Kwamba wameitoa mara moja tu, masanduku machache kwa dunia nzima, na haitatengenezwa tena. Yule mgeni mzee, aliyekuwa akija kila mwaka kukaa katika chumba cha siga ulichokuwa ukihudumia pale hotelini Mkomani, alikuachia mbili mkononi alipokuaga. Ukazileta umezifunga kwenye leso kama vifaranga.

Ya kwanza uliivuta Jumapili jioni, barazani. Jumatatu asubuhi ukaanguka bafuni, ndoo ikiwa bado inajaa.

Daktari alisema ni moyo. Moyo! Nimelalia kifua hicho miaka yote, sikuusikia ukilalamika hata siku moja.


Alhamisi, 28 Agosti

Tulikuwa tunachambua mchicha. Mama hakuniangalia. Aliuliza, ile tumbako ya Jumapili, nani alimpa Kadenge mkononi? Nikasema mimi, mama. Na kiberiti, nani aliwasha? Mimi. Akachambua jani. Akachambua jingine. Halafu — nani aliionja kwanza?

Nikachukua shina jingine la mchicha.

Hakuna aliyeionja. Unajua wewe. Pombe ya mnazi nikikuletea kwenye kata, nilikuwa napiga funda moja mbele ya watu ndipo nikupe. Nilifunzwa hivyo kabla sijajua kusuka nywele. Anayeleta ndiye anayetoa uchawi. Hata ugoro wa mama, nikiuleta kutoka dukani, naunusa mbele yake kwanza, napiga chafya, tunacheka, ndipo anaupokea. Lakini siga! Nani angewaza? Kitu kimetoka hotelini, kina pete ya dhahabu. Nilikupa kama nakupa simu yako.

Na mama alikuwa pale pale kwenye kigoda chake. Aliona.

Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mkono uliotoa haukuonja, na mwanawe alikuwa mzima. Akainuka kwenda kuosha mchicha. Aliuosha, akaumwaga, akauosha tena. Ulipofika chunguni haukuwa na ladha yoyote.

Usidhani nimemchukia. Wakati wa matanga, nilipokataa uji, ni yeye aliyenishika kidevu na kuninywesha kama mtoto. Ni yeye yule yule.

Nimekumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini unanisimamisha mlangoni, unaninyooshea kiganja. "Nusa. Leo nini?" Nami nabahatisha. Ngozi ya kiti. Ndimu. Sabuni ya hoteli. Kahawa. Mara moja nilisema papa mkavu, ukacheka mpaka ukakaa chini na viatu vyako.


Jumamosi, 30 Agosti

Amekuja kakako Mramba kutoka Changamwe. Amekuja na Mzee Ruwa, ami yenu. Waliketi barazani, na mimi sikuvutiwa kigoda. Nikajua.

Mramba alianza kwa upole. "Shemeji, hatukushtaki. Tunauliza tu."

Anayesema hivyo ameshashtaki.

Nikawatolea karatasi ya daktari. Mramba hakuishika. "Moyo, moyo! Kila mtu hufa moyo ukisimama. Hata aliyekanyagwa na trela pale Kipevu, moyo wake ulisimama. Hilo ni jibu?" Ungekuwepo ungecheka, Kadenge. Mimi mwenyewe kidogo nicheke. Kisha nikaona hakuna mwingine aliyekaribia kucheka.

Akasema Utange nzima inazungumza. Huko mangweni, watu wanakokunywa mnazi, wanaulizana inakuwaje mtu mzima, mwenye nguvu zake, avute tumbako aliyopewa na mkewe jioni, na asubuhi awe maiti. Na mke mwenyewe hana mtoto wa kumfunga kwenye boma. Hilo la mtoto alilisema akitazama pembeni.

Basi mambo mawili. Ama niondoke na nguo zangu, ama twende kwa mganga wa kiapo nikale papai.

Papai unalijua. Linasomewa maneno, unapewa kipande, unakula mbele ya watu. Aliye safi anameza anaenda zake. Mwenye lake, mdomo unavimba. Nimewahi kumwona mama mmoja akirudi na midomo kama maboga, na sijui mpaka leo kama alikuwa mchawi au papai lilimkataa tu, kama mwengine anavyokataliwa na pweza. Baada ya siku chache nyumba yake ilichomwa. Hapa kwetu jina hilo likikushika hungoji homa ikuue.

Mzee Ruwa akaniita. "Margret."

"Abee, ami."

"Sema, mwanangu. Kunyamaza kwako kunakumaliza."

Sikupanga. Neno lilijitokea. Nikasema ya pili ipo. Imetoka mkono mmoja na ile, sanduku moja na ile. Kama kulikuwa na kitu ndani yake, kimo na hiyo. Nipeni niivute mimi, hapa hapa, mbele yenu, mpaka kwenye pete. Nitaonja nilichoacha kuonja.

Halafu Mramba akacheka. "Wewe? Jiko la mkaa lenyewe linakuliza!"

Mama hakuwa amesema neno tangu waje. Akasema, "Aionje."

Siku imewekwa, Jumamosi ijayo. Masharti ni ya kiapo: nisitie kitu kinywani tangu alfajiri, hata maji. Nisiteme. Na nikitapika, akasema Mramba, kitakuwa kimenikataa. Mzee Ruwa akatikisa kichwa kukubali. Nami nikakubali. Nilikuwa nimefurahi! Nilifurahi kabisa, Kadenge, kama mtu aliyeachiwa.


Jumapili, 31 Agosti

Kanisani. Baada ya ibada Mchungaji Gershom alinivuta kando ya matangi ya maji. Akasema Mkristo hali kiapo cha waganga. Nikasema si cha mganga, baba, ni siga tu. Akasema siga ndiyo mbaya zaidi!

Akaniombea akinishika mikono yote miwili. Kisha, akiwa bado amenishika, akaniomba nipumzike kidogo kwenye kwaya. "Watu wanaongea, dada Margret. Kwa muda tu."

Besi yenu imekufa bila wewe. Leo walipoingia kiitikio nilisikia shimo pale ulipokuwa ukisimama.


Jumatatu, 1 Septemba

Odhiambo, mwenzako wa kazi, amekuja, bado na shati la hoteli. Yule yule, miguu mirefu haijui iende wapi barazani.

"Shem, pole tena. Hii stori imenifikia job nikadhani ni mchezo."

Nilimwambia si mchezo. Akatazama kuona kama mama yupo karibu. Alikuwa shambani.

Basi akanifundisha, kwa kijiti cha muhogo. Kichwa kinakatwa kidogo tu, usiende chini, jani la nje litafunguka lote. Moto usiugusishe, uzungushe kwa mbali mpaka mdomo wa siga uwe mwekundu pande zote. Kisha vuta taratibu. "Na usimeze, shem! Shika moshi mdomoni kama maji ya kusukutua. Uskie utamu. Achilia. Halafu piga stori kidogo ndio uvute tena. Ukikimbizana nayo itakukimbiza yenyewe."

Nikamwuliza kama ni kali. Akasema zile za Dominika huwa zina adabu, zinaanza laini, lakini hii toleo lake ni la watu wazima. Ndipo akaniambia jambo ambalo nililijua kwa kukusikia wewe na nikalisahau. Kwamba mgeni asiyezoea, hata lijitu la mwili mkubwa, akivuta bila kula anageuka kijani. Jasho baridi, kizunguzungu, anatapika. Wewe ulikuwa unawawekea maji ya sukari kando kabla hawajaomba.

"Kwa hivyo Jumamosi ule ugali mzito, shem. Mzito! Na sukari mfukoni."

Nikamwambia sitakula. Nimefungishwa.

Odhiambo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Na nani alikubali hiyo?"

"Mimi."

"Shem. Utatapika. Si pengine — utatapika. Na ukitapika hawa watu watasema nini?"

Alikuwa ananiuliza jambo tunalolijua wote. Nikamtilia chai. Akainywa bila kuiona.

Alipotaka kuondoka akauliza uliiona vipi ile ya kwanza. Nikamweleza nilivyokumbuka. Kwamba ilianza na pilipili manga puani. Kwamba katikati ilitulia ukasema "sasa ndiyo inaongea". Kwamba hukuimaliza, na hukutoa hukumu. Hotelini mnatoa alama kwa mia, lakini nyumbani ulikuwa na swali lako moja tu: hii ningeivuta na nani? Nyingine ulisema ni ya kuvuta na adui ili aondoke mapema. Kwa hii ulisema ngoja ya pili. Ya kwanza mtu anakuwa mgeni wake. Ya pili ndiyo anakuwa mwenyeji.

Odhiambo akasema kwa sauti ndogo, "Huyo jamaa." Akaondoka.


Jumatano, 3 Septemba

Mramba alikuja kuichukua ili nisije nikaibadilisha. Nibadilishe na nini! Dunia nzima haina nyingine, na ingekuwa nayo isingefika Utange. Aliitoa kwenye kopo akaitia mfuko wa shati, pamoja na kalamu. Nikamwambia itapasuka jani, irudishe kwenye mwerezi. Akanitazama. "Kumbe unaijali sana."

Kila neno langu sasa lina mkia.

Mzee Ruwa ndiye aliyemnyang'anya, akaondoka na kopo zima kifuani.

Mwanasaumu, jirani, aliniita kwenye ua. Alikuwa na hasira ya machozi. "Wallahi Margret, toka hapa! Dada yangu ana chumba Likoni, uvuke leo, ukae. Hawa hata ukiwashinda hujawashinda."

Nikamwambia nikienda watasema nimekimbia.

"Waseme! Maneno hayachomi nyumba ukiwa ng'ambo."

Sikujua nimweleze vipi. Wewe upo hapa, nyuma ya jikoni. Udongo wako bado haujashuka sawa, kila mvua ikinyesha unaingia upande mmoja nami nausawazisha kwa mkono. Nikiondoka na jina lile sitaruhusiwa kuukanyaga uwanja huu tena. Nani atausawazisha? Mramba?

Mwanasaumu akanifutia uso kwa ncha ya leso yake. Akanipa tende alizozifunga kwenye karatasi. "Jumamosi uingie msalani, ule mbili upesi. Mungu hakukataza tende."


Ijumaa, 5 Septemba

Nimeosha leso zangu. Nimefagia kwako. Mama amepika yeye leo, wali wa nazi, akanipakulia sahani iliyojaa. Hakusema kwa nini. Nilikula wote. Aliketi akinitazama mpaka nikamaliza, kisha akaichukua sahani akaiosha mwenyewe.

Naogopa.


Jumamosi, 6 Septemba

Wamenifungia. Wifi zangu wawili wamekaa nje ya mlango. Naandikia magotini, unisamehe herufi. Nitaandika vile ilivyokwenda, upesi.

Asubuhi sikuzila tende. Nilizishika, nikazirudisha. Si kwa kuwaogopa. Niliona nikizila sitajua ninachoonja ni siga au ni tende, na nitakapokisema nitakuwa ninabahatisha. Wewe usingekubali.

Watu walikuwa wengi kuliko walioalikwa. Waliketi hata juu ya matofali ya jirani. Mimi nimeketishwa barazani mahali pako. Mama kwenye kigoda. Mramba alitaka kuikata kwa kisu cha jikoni na ndipo Odhiambo alipojitokeza na kikasi, viatu vimeng'aa kama yuko kazini. "Shikamooni wazee wangu. Naomba radhi, hii haichinjwi kama kuku." Watu wakacheka. Hata Mzee Ruwa. Kwa kitambo kidogo ikawa kama sherehe.

Mzee Ruwa akasema maneno. Margret, kama mkono wako ulikuwa na jambo, moshi huu ukujibu. Kama haukuwa nalo, moshi huu upite.

Kiberiti nimekiwasha mimi.

Kabla ya moto niliivuta ikiwa baridi, kama ulivyokuwa ukifanya. Nyasi kavu. Na zabibu, kwa mbali. Nikayasema kwa sauti. Kisha moto, na moshi wa kwanza — pilipili manga! Ile ile. Ilinipanda puani machozi yakatoka, na nikafurahi kwa sababu nilikuwa nimekutana nawe mahali fulani. Nikasema: pilipili manga, na baada yake utamu, kama ganda la mdalasini ukilitafuna. Jivu ni jeupe, limeshikana, halianguki.

Mramba akasema, "Hukuitwa uiimbie sifa."

"Mwache aseme," Mzee Ruwa akamwambia. "Mdomo unaosema ni mdomo ambao haujavimba."

Nikaenda nayo polepole. Moshi mdomoni, kisha kuuachilia. Watu walichoka kutazama, wakaanza kuongea mambo yao. Ilipofika katikati pilipili ilikaa chini. Ikaja korosho, si ya kukaangwa, ile ya kuchomwa na ganda lake mpaka mafuta yanaruka. Ikaja kahawa chungu. Na nyuma kabisa kitu kama udongo wa shamba ukipata mvua ya kwanza. Sasa ndiyo inaongea, Kadenge. Nilielewa. Ni kitu kizuri. Nakuambia ukweli, ingawa mambo yako hivi yalivyo, ni kitu kizuri sana, kimetengenezwa na watu waliokuwa na subira.

Halafu shingo ikaingia baridi. Jasho. Ukingo wa baraza ukainuka upande mmoja. Nikamwona Odhiambo ameingiza mkono mfukoni na anashindwa kuutoa, na nilijua ni sukari. Ili nisianguke nilijishikilia kwenye swali lako. Hii ningeivuta na nani?

Nikasikia sauti yangu ikijibu. Nilisema, "Hii ningeivuta na mama."

Sikusema ili kumfurahisha. Nilitafuta mtu mwingine anayekukosa kama mimi katika nyumba hii, nikampata huyo mmoja tu.

Tumbo likapanda. Nikalirudisha. Likapanda tena. Nikaomba ruhusa niingie ndani kidogo. Mramba akasema hakuna. Mzee Ruwa akasema hata mla papai huruhusiwa haja. Nikasimama, siga mkononi, sikujua niiweke wapi maana ikizimika ikawashwa tena inakuwa chungu kama mwarobaini. Mkono ukaja ukaipokea. Mkono wa mama.

Nilifika kwenye beseni chumbani. Nilijaza leso mdomoni nisisikike, nikaitoa, nikatapika maji ya manjano, hakukuwa na kitu kingine. Hakuna aliyeniona. Nikakaa sakafuni nikifikiri nimepona. Nitatoka, nitaimalizia ile sehemu ndogo iliyobaki, na jambo litakuwa limekwisha.

Ndipo nikachungulia dirishani.

Mama alikuwa ameigeuza. Moto ndani ya kinywa, namna walivyovuta wanawake wa zamani shambani. Mashavu yamezama, macho amefumba. Anavuta. Wale wengine wote wamekodoa macho.

"Mama!" Mramba aliruka. "Mama unafanya nini! Kiapo si chako! Umekiharibu!"

Akaitoa kinywani, hakuwa na haraka. "Ilikuwa inazimika."

Kisha akasema, polepole, kama anayemjibu mtu mwingine kabisa: "Pilipili manga. Halafu korosho. Hakudanganya."

Akawageukia wote. "Haina kitu hii. Ni tumbako. Mwanangu alivuta tumbako nzuri akafa. Basi."

Kadenge, alisema hivyo. Mbele ya watu wote. Mzee Ruwa alisikia, Odhiambo alisikia, Mwanasaumu alisikia kule uani. Nilishika nondo za dirisha nikalia.

Akairudisha kinywani, akavuta tena, mvuto mrefu wa mtu aliyeketi kwake. Akaumeza moshi. Hakuna aliyemfundisha asiumeze.

Kikohozi kikamshika. Tulidhani kitapita. Akainama, akakohoa, mkono ukitafuta kitu hewani, midomo ikabadilika rangi. Siga ikaanguka vumbini. Na yeye akaifuata, akalala ubavu pale chini ya kigoda.

Nilikimbilia mlango. Wifi yangu mkubwa alikuwa ameshaufunga.

Mramba alikuwa anaelekeza kidole dirishani. "Na mama pia! Mmeona? Amemtaja kwa jina, mkasikia wote! Ningeivuta na mama!"

Odhiambo alipiga kelele kwamba ni tumbako, ni kali, mpeni maji ya sukari, mpelekeni hospitali. Wakamsukuma mpaka nje ya lango. Namsikia bado, anagonga mabati. Mwanasaumu ameleta tuktuk, imesimama barabarani inanguruma. Mramba amekataza mama asiguswe. Anasema hospitali haifungui kilichofungwa na mkono wa mtu. Aliyemfunga ndiye atamfungua. Mzee Ruwa anasema kitu, sikisikii tena, sauti yake imezidiwa.

Mama anapumua. Naona leso yake ikipanda na kushuka. Kidogo.

Sasa wanataka nitoke nimfungue. Wifi yangu amesema kupitia mlangoni, hata hakunitaja jina: "Mwambieni ajitayarishe."

Nimefikiri kote, Kadenge. Nikimshika akazinduka, watasema ona, ni yeye aliyemfunga, amemfungua kwa mkono wake. Nisipomshika akafa, nimewaua wawili. Hakuna mlango wa tatu. Ninachojua ni kwamba amelala vibaya, shingo imekunjika, hewa haiingii sawa. Anatakiwa alazwe ubavu vizuri, kichwa kiinuliwe, afutwe uso kwa maji, akandwe mgongo.

Nitakwenda kumshika.

Komeo linavutwa. Wanakuja. Kitabu hiki nakiingiza chini ya godoro upande wako. Kadenge, kama huko uliko mtu anaweza kumkumbuka mwenzake, nikumbuke.